Anamwonea Haya Shangazi Yake

Siku Tokilupe alipotoa utani ule, nyumba nzima ilicheka mpaka mama yake, Mama Vika, akamwaga chai mkekani.

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Walikuwa wameshakula, na nyama ya kopo iliyookwa kwa tui la nazi ndani ya majani ya magimbi ilikuwa imewalemea wote, kila mtu ametafuta mahali pa kujinyoosha. Kalolaine, mke wa kaka yake Tokilupe, alikuwa ameegemea ukuta, mikono miwili juu ya tumbo lake la mimba.

"Wifi," alisema, "huyu leo hajacheza kabisa. Tangu asubuhi kimya."

Tokilupe si mtu wa maneno. Anafundisha darasa la pili, na hata mbele ya watoto wadogo sauti yake hutoka kama inaomba radhi. Lakini siku ile neno lilimjia lenyewe, likamponyoka.

"Atachezaje na shangazi yake nimekaa hapa? Mtoto ana heshima huyo. Ananionea haya."

Kicheko kikalipuka. Hata kaka yake, Maʻake, ambaye alikuwa amekaa nje barazani kwa kuwa kwa desturi yao kaka hakai chumba kimoja na dada yake, alisikika huko nje akipaliwa.

"Jamani, Toki!" Mama Vika alisema akifuta machozi kwa ncha ya kanga yake. "Miaka yote hii kumbe una mdomo!"

Ukiwa dada wa baba, kule visiwani Tonga, wewe uko juu ya watoto wote wa kaka yako. Kwenye harusi unakalishwa mbele. Kwenye msiba mikeka inarundikwa mapajani mwako. Mtoto akizaliwa, jina unalitoa wewe, na neno lako baya linaweza kumfuata maisha yake yote. Heshima hiyo Tokilupe aliivaa kama koti la mtu mkubwa kuliko yeye. Walipomkalisha mbele aliinamisha kichwa na kuomba shughuli iishe. Kwa hiyo kicheko cha Jumapili ile kilimwingia kama maji ya moto mwilini siku ya baridi. Alilala akikisikia.

Na kwa kuwa kilikuwa kitamu, alikirudia. Kalolaine akisema mtoto kanyamaza, Tokilupe hujibu, "Kajua nakuja." Baada ya muda hata hakuhitaji kujibu. Mama Vika mwenyewe angeuliza kutoka jikoni, "Kimya leo?" na jirani aliyekuja kuomba chumvi angejibu, "Shangazi kapita!" Ukawa utani wa nyumba, kisha wa mtaa. Tumbo lilizidi kukua, kubwa kupita mimba ya miezi ile, watu wakasema ni mapacha, na ndani yake palikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

Siku ya kliniki Tokilupe alimsindikiza. Kwenye benchi la kungojea alisoma kila kitu kilichobandikwa ukutani, maana ndivyo alivyo, hawezi kukaa mbele ya maandishi asiyasome. Palikuwa na picha ya mama mjamzito ameshika tumbo, na chini yake: Mtoto akipunguza kucheza, njoo. Usisubiri. Aliyasoma maneno hayo mara mbili. Aliona hata kwamba aliyeyaandika alikuwa na mwandiko mzuri.

Ndani, nesi alimpima Kalolaine, akamsikiliza mtoto. "Moyo unapiga vizuri. Na kucheza, anacheza?"

Kalolaine alifungua mdomo. Kabla ya kusema alimtupia jicho wifi yake, jicho la haraka, la mtu anayeomba nafasi. Tokilupe aliliona. Lakini utani ulikuwa umeshafika mdomoni.

"Nikiwapo hachezi, nesi. Ananionea haya mimi shangazi yake."

Nesi akacheka, akampiga begani. "Basi nawe toka nje, shangazi, tuone!" Kisha akaitwa chumba cha pili, na mambo yakaishia hapo. Kalolaine akafunga mdomo wake. Mke wa kaka hawezi kumkatiza wifi yake mbele ya watu na kusema, hapana, si utani.

Chupa ilipopasuka, maji yalikuwa mengi kiasi cha kulowanisha mkeka mzima na kuvuka kizingiti. Jirani aliwapeleka hospitali kuu kwa pikapu yake, Kalolaine amelazwa nyuma juu ya magodoro, Mama Vika ameshika kichwa chake akiimba tenzi. Mtoto alikuwa amelala mkingamo. Wakakimbizwa chumba cha upasuaji.

Tokilupe alibaki kwenye korido akisubiri kilio cha mtoto. Milango ilifunguka na kufungwa, watu walipita na viatu vyao vya mpira, mahali fulani mtoto wa watu wengine alilia kwa nguvu na familia ikapiga makofi. Kilio chake yeye hakikuja. Baadaye nesi alitoka akasema ni mvulana, yuko hai, walihangaika kidogo kumpa hewa.

Alipomwona, alikuwa ndani ya kisanduku cha kioo, mikono na miguu imelegea kama nguo iliyoanikwa na kuanguka. Alikuwa na mpira mwembamba puani wa kupitishia maziwa, kwa kuwa ukimpa ziwa alilishika mdomoni na kusinzia, kama hajui ni la nini. Akilia, sauti yake ilikuwa ya paka mdogo aliye nyumba ya tatu.

Akina mama wa kanisa walikuja kumtazama. "Mtulivu huyu!" walisema. "Hasumbui! Kweli anamwonea haya shangazi yake." Walisema kwa upendo, na kila aliyesema aligeuka kumtafuta Tokilupe acheke. Tokilupe alitoka akaenda kusimama karibu na ndoo za mafagio.

Tangu siku hiyo hakuingia tena ndani kabisa. Alileta chakula, alileta nepi zilizofuliwa, akaishia mlangoni. Kwenye kisanduku paliandikwa Mtoto wa Kalolaine, na wiki zikapita pakiwa vilevile.

"Jina, Toki," Mama Vika alimwambia. "Mchungaji ananiuliza. Mtoto atabatizwaje hana jina?"

"Bado nafikiria, mama."

"Unafikiria nini? Majina yote ya ukoo umeyasahau?"

Hakuwa anafikiria. Alikuwa anauogopa mdomo wake. Alijiambia, kitu cha mwisho ulichosema juu ya mtoto huyu kilimziba mama yake mdomo. Sasa umpe na jina?

Majibu ya damu ya mtoto yalipofika kutoka Oklandi, ng'ambo ilikopelekwa kupimwa, Daktari Folau aliwaita. Alikuwa mama wa makamo kutoka visiwa vya Haʻapai, mwenye kusema polepole. Alitazama waliokaa: Kalolaine, Mama Vika, na Tokilupe mlangoni.

"Baba wa mtoto yuko wapi?"

"Nipo huku dirishani, daktari," sauti ya Maʻake ilijibu kutoka nje. "Dada yangu yumo humo."

Daktari hakuuliza zaidi. Aligeuza kiti chake kidogo ili sauti imfikie na yule wa nje.

"Ugonjwa wake unaitwa Prader-Willi. Ni wa nadra, wengi hawatauona maisha yao yote. Kila mtu anapoumbwa hupokea maagizo ya mwili wake, nusu kwa mama, nusu kwa baba. Sasa kuna kipande kimoja kidogo ambacho cha mama hulala, cha baba ndicho kinachofanya kazi. Kwa mtoto wenu, kile kipande cha upande wa baba hakipo. Kilikatika mwanzoni kabisa, kabla hata mama hajajua ana mimba. Hakuna aliyekikata. Si chakula, si kazi nzito, si kosa la mtu yeyote. Mmenisikia?"

"Tumekusikia," alisema Maʻake dirishani.

Daktari akaeleza kwamba misuli ya mtoto haina nguvu, na haikuwa nayo tangu tumboni. Ndiyo maana hakucheza. Ndiyo maana hakumeza yale maji ya uzazi, yakajaa. Atajifunza kunyonya taratibu, atakaa, atatembea, ila kwa kuchelewa. Na akishakuwa mkubwa kidogo itakuja njaa isiyokwisha, hata akiwa ametoka kula sasa hivi, na wao itabidi wafunge kabati la chakula kwa kufuli.

"Mtonga anayependa kula?" Mama Vika alishindwa kujizuia. "Daktari, huo ukiwa ugonjwa basi wodi hazitutoshi."

Daktari alicheka naye kwa kweli, mpaka miwani ikateleza. Kisha akamshika mkono. "Mama, wewe ndiye nitakayekutegemea. Bibi ndiye huficha biskuti mfukoni. Huyu, ukimpenda, hutamfichia biskuti."

Mama Vika akafunika mfuko wake kwa mkono wa pili, maana alikuwa na biskuti humo wakati huohuo.

Tokilupe alikuwa ameshikilia fremu ya mlango. Sauti yake ilipotoka wote waligeuka, kwa kuwa walishazoea kwamba haisemi.

"Daktari. Kama tungekuja mapema. Aliponyamaza tumboni."

Daktari alimgeukia. "Ugonjwa usingebadilika hata chembe. Lakini tungeona maji yamezidi, tungeona amelala vibaya. Tungempanga mama kwa upasuaji mchana, kwa utulivu, na mtoto asingekosa hewa vile." Akamtazama Kalolaine. "Kwani alikuwa ananyamaza?"

Kalolaine aliangalia vidole vya miguu yake.

"Na ile hewa aliyokosa," Tokilupe alisema, "imemdhuru?"

"Sijui, binti yangu. Mpaka sasa sijaona. Pengine haikumdhuru. Pengine hatutajua kamwe lipi ni la ugonjwa na lipi ni la siku ile."

Hilo ndilo alilotoka nalo Tokilupe. Wengine walitoka na lingine.

"Umesikia alivyosema?" Mama Vika alinong'ona kwenye korido, na mnong'ono wake husikika mbali. "Upande wa baba. Cha upande wa baba hakipo. Upande wa baba umezuia."

"Mama, yale ni mambo ya damu."

"Na damu ni nini, kama si sisi? Upande wa baba ni nani, kama si shangazi? Kuna kitu Kalolaine alikukosea. Kumbuka. Wewe una moyo wa kuficha, ukaweka kinyongo bila kujua."

"Sina kinyongo na mtu."

"Na jina mbona hutoi?"

Kalolaine, aliyekuwa akitembea nyuma yao ameshika mshono wake wa upasuaji, alisikia yote, na usoni pake pakaonekana mtu anayejitafutia kosa.

Mtoto aliruhusiwa kurudi nyumbani na mpira wake puani. Ubatizo ulikuwa uwe Jumapili. Jumamosi alasiri Tokilupe alikuwa nyumbani kwa mama yake, ng'ambo ya uwanja tu kutoka kwa Maʻake, anapiga pasi nguo za kanisani, alipoona kivuli kikisimama mlangoni kisha kikashuka chini.

Alikuwa Kalolaine. Alikuwa amejifunga kiunoni mkeka mzee uliochanika, wa kuvaliwa msibani, na shingoni ana shada la majani mabichi ya mti wa ifi. Watu hawavai majani hayo kwa urembo. Unayavaa unapokwenda kuomba msamaha kwa mtu aliye juu yako sana, ukakaa chini nje ya nyumba yake mpaka aseme. Nyuma yake Mama Vika alisimama amebeba mkeka wa thamani umekunjwa, na mtoto alikuwa begani kwake amelala.

"Wifi," Kalolaine alisema, macho kwenye udongo. "Nimekumbuka. Mshipi wako wa kusuka, ule wa kanisani. Nilikuwa na mimba changa. Niliuvaa bila kukuomba, kisha nikaukata uzi mmoja, nikaushona, nikaurudisha bila kukwambia. Nimekuja. Nisamehe, mfungulie mtoto."

Pasi ilikuwa bado mkononi. Tokilupe akaiweka chini.

Alitakiwa kusema neno moja tu. Angesema nimesamehe, na Kalolaine angeinuka, Mama Vika angelia kwa furaha, mkeka ungepokelewa, na kuanzia jioni ile kijiji kizima kingejua kwamba chanzo kilikuwa uzi wa mshipi. Hakuna ambaye angeukumbuka ule utani tena. Mshipi wenyewe alikuwa hajaona hata kama una kiraka. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, kama maneno yake yote mabaya yalivyokuwa mepesi.

Kalolaine aliinama zaidi, na alipoinama mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mshono.

Tokilupe akatoka nje. Akapiga magoti kwenye udongo mbele ya wifi yake, akalivua lile shada shingoni mwake kwa uangalifu lisinase nywele, akalivaa yeye.

"Toki!" Mama Vika alipiga kelele. "Umechanganyikiwa? Vua hayo! Shangazi hajishushi! Unataka kutuletea balaa juu ya balaa?"

"Mama, niache niseme, nikinyamaza sasa sitasema tena." Majani yalinuka utomvu. Aliongea akiitazama mikono yake. "Mshipi si kitu. Siku ya kliniki ulitaka kusema, wifi. Nesi alikuuliza, ukaniangalia. Nilikuona. Na tangazo la ukutani nilikuwa nimelisoma, limeandikwa njoo, usisubiri. Nikasema ule upuuzi wangu, kwa sababu watu walikuwa wanacheka. Sijawahi kuchekesha watu mimi. Nilipenda. Nikawa namtaka mtoto anyamaze ili niseme tena."

Kuku alipita kati yao, akadonoa jani lililoanguka, akaendelea na safari yake.

"Daktari kasema ugonjwa hakuuleta mtu," Tokilupe alisema. "Ile siku ya kuzaliwa niliileta mimi. Nisamehe. Au usinisamehe. Lakini usikae chini mbele yangu."

Kalolaine alipoinua macho, yalikuwa makavu.

"Nilijua," alisema. "Nilijua hayuko sawa. Usiku nilikuwa naogopa, asubuhi ukinitania nasema, ah, basi ni heshima tu. Ulinipa sababu ya kulala. Niliipokea. Lakini nimekukasirikia, wifi. Nimekukasirikia mpaka nikishika nepi ulizofua nataka kuzitupa. Nikasema, huwezi kumkasirikia wifi yako, tafuta kosa lako. Nimelitafuta wiki nzima. Nimekuja na uzi!"

Alianza kucheka, kicheko kibaya, akashika mshono kwa maumivu, na kicheko kikageuka kilio. Tokilupe hakujua kama anaruhusiwa kumgusa. Akabaki amepiga magoti na majani yake.

"Kasirika," alimwambia. "Usiache."

"Sitaacha. Nitakuambia ikiisha."

"Haya."

"Inaweza isiishe."

"Haya, wifi."

Mama Vika, ambaye hakuna kitu cha namna hii alichowahi kuona tangu azaliwe, alikaa juu ya ule mkeka wa thamani aliokuja nao, kwa kukosa pa kukaa. "Wenyewe wamegeuzana," alimwambia mtoto begani. "Sasa mimi mkeka nampa nani?"

Ndipo sauti ya Maʻake ilipotoka nyuma ya ua wa michongoma. Alikuwa amesimama huko muda wote, umbali unaotakiwa. "Dada," alisema kwa adabu. "Samahani. Mchungaji anataka jina kabla ya jioni."

Tokilupe alimgeukia Kalolaine. "Mpe wewe. Mimi sina haki tena."

"Aa-aa." Kalolaine alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Umenizibia mdomo kliniki, na jina tena unamnyima? Mtoto wangu asiwe na jina la kupewa na shangazi, kama mtoto wa kuokotwa? Toa. Na usitoe jina la utani."

Tokilupe akafikiri, safari hii kweli. Akamkumbuka baba yake marehemu, aliyekuwa akiimba besi kanisani kwa sauti iliyowafanya watoto wa mbele wageuke, na ambaye hata akiomba chumvi mtaa wa pili walijua chakula hakijakolea.

"Lopeti," alisema. "Jina la babu yake."

"Lopeti!" Mama Vika alishtuka. "Yule mtu wa kelele vile? Na huyu hata kulia hajui?"

"Ndilo nililochagua. Alie anavyotaka. Mimi nikiwapo apige kelele."

Nyuma ya ua Maʻake alirudia jina kwa sauti ndogo, kama anayelijaribu kama linamtosha, kisha nyayo zake zikasikika zikielekea kwa mchungaji.

Muda wa maziwa ulikuwa umefika. Kalolaine alimchukua mtoto, akaunganisha bomba la sindano kwenye mpira wa puani, akamimina maziwa aliyokuwa amekamua. Maziwa hayo hayasukumwi. Mtu huliinua bomba juu na kuyaacha yashuke yenyewe, na mkono huchoka. Kalolaine aliliinua kidogo, uso ukamkunjika kwa mshono.

"Shika," alimwambia Tokilupe, bila kumtazama. "Usilishushe mpaka yaishe. Na usiseme kitu cha kuchekesha."

Tokilupe akalishika. Lilikuwa jepesi mwanzoni. Aliketi hapo udongoni, mkono juu, majani ya ifi yakianza kunyauka shingoni mwake, akaangalia maziwa yakishuka polepole, mstari baada ya mstari, yakiingia kwa Lopeti. Mkono ulianza kuuma. Hakuushusha. Mtoto alifumbua macho, akamtazama shangazi yake, au akatazama majani, na mguu mmoja mdogo ukasogea kidogo ndani ya nepi. Tokilupe aliuona, na safari hii akasema.

"Kasogeza mguu, wifi."

"Wapi?"

"Wa kushoto. Tazama."

Kalolaine akainama kutazama.